Je, Wajua Kwamba Msongamano Huua Watu Wakiwa Wamesimama?

Mtu akifia kwenye msongamano wa tamasha, husemwa kwamba amekanyagwa. Mara nyingi sivyo. Hufa akiwa wima, kifua kimebanwa mbele na nyuma hadi mapafu yanashindwa kutanuka. Hata yowe hapigi. Pumzi ya kulipigia hana.

Tarehe 3 Desemba 1979, mjini Cincinnati, Marekani, mashabiki 11 wa bendi ya The Who walikufa hivyo nje ya ukumbi, kabla ya onyesho kuanza. Tiketi nyingi hazikuwa na namba ya kiti, kwa hiyo kila mmoja aliwania kuwahi mbele, na milango iliyofunguliwa ilikuwa michache mno. Lawama wakatupiwa vijana, eti wahuni. Rahisi hivyo! Aliye nyuma haoni yanayotokea mbele. Mwenye wajibu wa kuona ni mwandaaji na walinzi wake. Jiji likapiga marufuku mtindo huo wa tiketi, hadi 2004.

Hatari huanza watu wakizidi watano hivi kwa mita moja ya mraba. Ukibanwa, inua mikono mbele ya kifua kama bondia, usishindane na msukumo, sogea kimshazari kuelekea pembeni. Simu ikianguka, iache.