Jina Moja Halitoshi: Muundo wa Kubadilishana Data za Mimea ya Katanga

Katika udongo wenye shaba na kobalti wa Katanga huota mmea uitwao kitaalamu Haumaniastrum robertii. Robyns, aliyeupa jina kwanza, aliuita Acrocephalus robertii. Mwaka 1959 Duvigneaud na Plancke waliuhamishia katika jenasi mpya. Mmea haukubadilika, kilichobadilika ni uainishaji wake. Kwa kompyuta, hata hivyo, majina mawili ni mimea miwili.

Tatizo hilo lina uzito wake. Sampuli nyingi zilizokusanywa Katanga wakati wa ukoloni zimehifadhiwa Meise, Ubelgiji, ilhali Chuo Kikuu cha Lubumbashi nacho huchunguza mimea ya vilima vya shaba, ambavyo ndivyo vinavyochimbwa madini. Anayetaka kujua kama spishi fulani imesalia kilima kimoja tu hana budi kuunganisha orodha za pande zote mbili. Spishi moja ikiorodheshwa kwa majina mawili, huonekana adimu kuliko ilivyo. Spishi mbili zikiorodheshwa kwa jina moja, ile iliyo hatarini hujificha nyuma ya mwenzake.

Kwa hiyo muundo wa kubadilishana data hauna budi kutenga safu tatu: jina lililoandikwa kwenye lebo, jina linalokubalika sasa, na aliyeamua hivyo pamoja na mwaka wa uamuzi wake. Mwanaisimu ataufananisha na kamusi: kisawe huelekeza kwenye kidahizo, wala hakifutwi.

Majina ya mahali nayo yana historia. Élisabethville iliitwa Lubumbashi mwaka 1966. Jimbo la Katanga liliitwa Shaba hadi 1997, na mwaka 2015 likagawanywa, Haut-Katanga ikiwa sehemu yake mojawapo. Anayebadilisha “Katanga” ya lebo ya zamani kuwa “Haut-Katanga” huenda akauhamisha mmea uliochumwa Kolwezi, mji ulioko Lualaba. Maneno ya lebo yabaki yalivyo, na vipimo vya latitudo na longitudo viwekwe kando yake. Hata alama ndogo huleta madhara: kwa desturi ya Kifaransa desimali huandikwa kwa mkato, na faili inayotenganisha safu kwa mkato huo huo itaivunja namba moja kuwa mbili.

Majina ya kienyeji yanastahili uangalifu uo huo. Jina lisilotajiwa lugha, iwe Kiswahili, Kisanga au Kibemba, wala mahali linapotumika, halimsaidii msomaji wa mbali.

Kiwango cha Darwin Core, kilichoidhinishwa mwaka 2009 na jumuiya ya TDWG, kina nafasi kwa mengi ya mambo haya. Hata hivyo, hakuna muundo unaomaliza mabishano ya wataalamu. Kazi yake ni kuyahifadhi, ili atakayekuja aone nani alisema nini, na lini, kabla kilima hakijachimbwa.