"Umiliki" au "Mapito"?

Walimu na wafasiri wa Mbeya na Iringa hutuuliza istilahi ifaayo kwa maelezo ya kitu cha makumbusho: kimetoka wapi na kimepitia mikononi mwa nani. Wengi huandika "historia ya umiliki". Kwa mchoro wa chaki za rangi ulionunuliwa na kuuzwa, yatosha. Tulipoijaribu kwa fuvu la Mtwa Mkwawa, linalooneshwa Kalenga karibu na Iringa, ilitushinda.

Mkwawa alijiua mwaka 1898 asikamatwe. Wajerumani wakamkata kichwa. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles, 1919, kiliagiza fuvu likabidhiwe serikali ya Uingereza. Gavana Twining ndiye aliyelichagua katika makumbusho ya Bremen, likarejeshwa Kalenga mwaka 1954. (Wapo wanaotilia shaka kama ndilo lenyewe.) Je, Bremen "ilimiliki" kichwa cha mtu? Hasha, aliyenyang'anya hamiliki.

Kwa hiyo twapendekeza "mapito". Neno hili hutaja kila mkono uliokishika kitu bila kuuhalalisha. "Umiliki" ubaki pale tu penye ushahidi wa mauzo, urithi au zawadi. Na katika lebo ya Kalenga iandikwe "lilirejeshwa", wala si "lilitolewa".