Nyumba Haijengwi kwa Ramani ya Kuazima

Yeyote asafiriye kutoka Nairobi kuelekea Machakos hawezi kukosa kuona jinsi nyumba zinavyochipuka kila upande wa barabara mithili ya uyoga baada ya mvua. Kuanzia Mlolongo na Athi River, kupitia makutano ya Kyumbi, hadi kwenye miteremko ya vilima vya Mua na Iveti, watu wanajenga. Wengi wao si matajiri. Ni wafanyakazi wa mshahara, na walimu ni wengi miongoni mwao. Mwalimu huchukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo, akanunua kiwanja, kisha akaanza kukusanya mawe, mchanga wa mtoni na saruji, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Jambo hilo ni la kupongezwa. Lakini je, ni wangapi kati yao ambao, kabla ya kumwita fundi, walimwendea msanifu majengo?

Nimeishi Machakos kwa muda mrefu wa kutosha kulijibu swali hilo: ni wachache mno. Wengi huazima ramani. Mtu aliyejenga Kitengela humpa mwenzake nakala ya ramani yake, mwenzake naye humkabidhi fundi na kumwambia amjengee "kama hii." Ada ya msanifu huhesabiwa kuwa anasa ya wakubwa. Nia yangu leo ni kuipinga dhana hiyo. Tajiri akikosea, atabomoa na kujenga upya. Mwalimu hujenga mara moja tu maishani, tena kwa fedha ambazo hajazipata bado. Kati ya hao wawili, ni nani asiyeweza kumudu kosa?

Kosa letu la kwanza ni kudhani kwamba kazi ya msanifu ni kuchora vyumba. Laiti ingekuwa hivyo, ramani ya kuazima ingetosha. Ukweli ni kwamba msanifu huanza na kiwanja, na hakuna viwanja viwili vinavyofanana.

Tuchukue mfano wa jua. Machakos iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi moja na nusu hivi. Kwa hiyo jua letu hupita karibu na utosi mwaka mzima, likiegemea kaskazini kidogo mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba. Ukuta unaoteseka ni ule wa magharibi, unaopigwa na jua la alasiri. Nyumba iliyosanifiwa vyema huelekeza pande zake ndefu kaskazini na kusini, na paa lake hujitokeza vya kutosha kuyatilia madirisha kivuli. Sasa iazime ramani hiyo uipeleke kwenye kiwanja ambacho lango lake liko upande mwingine. Fundi ataigeuza ramani ili mlango ukabili lango, na sebule iliyokusudiwa kuwa baridi itakuwa tanuri kila jioni.

Ama kuhusu udongo, tofauti ni kubwa zaidi. Vilimani kuna udongo mwekundu, na tatizo la huko ni mteremko na maji yatiririkayo. Katika nyanda za Athi na Kapiti, sehemu nyingi zina ule udongo mweusi wa mfinyanzi ambao watu huuita udongo wa pamba. Udongo huu hufura unaponywa maji na kunywea unapokauka, hata ukapasuka nyufa ambazo mkono wa mtoto unaweza kuingia. Msingi ukikaa juu yake, nyumba hupanda na kushuka kila msimu. Dawa yake ni kuchimba mpaka kwenye ardhi imara, au kumwita mhandisi asanifu msingi wa namna nyingine. Ramani iliyochorwa kwa ajili ya udongo mwekundu haisemi neno lolote kuhusu hayo.

Namfahamu mwalimu mmoja, ambaye jina lake nitalihifadhi, aliyejenga uwandani kwa ramani iliyotoka mlimani. Baada ya msimu wa pili wa mvua, ufa ulitokea kwenye pembe ya dirisha la chumba cha kulala. Aliuziba kwa plasta, ukarudi. Akauziba tena, ukarudi ukiwa umeandamana na wenzake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia la kufanya na ufa unaotoka katika msingi, kwa maana huo hauzibiki. Mkopo wa nyumba hiyo ungali unakatwa kwenye mshahara wake kila mwisho wa mwezi.

Jambo la tatu ni maji, na hapa kila Mkamba ananielewa. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Paa la mita 120 za mraba, mvua ya milimita 10 inaponyesha, hupokea lita 1,200 kwa siku moja. Mwaka wa milimita 600 utaleta lita 72,000, kabla ya kutoa yale yanayopotea. Walimu wa hisabati wawape wanafunzi hesabu hii, kisha wawaulize ni nyumba ngapi za Machakos zilizojengwa kwa kuifikiria. Mahali pa tangi, mwinamo wa paa na njia ya mifereji ni mambo ya kuamuliwa katika karatasi, si baada ya mabati kupigiliwa.

Nisieleweke vibaya. Simdharau fundi. Mafundi wetu ni hodari wa mawe na matofali, na nyumba nyingi zinasimama kwa sababu ya uaminifu wao. Kinachowaonea ni kutwikwa kazi ya watu wanne: msanifu, mhandisi, mkadiriaji na mjenzi. Wapo pia wanaouliza, mbona wazee wetu walijenga bila wasanifu? Ni kweli. Lakini nyumba ya wazee ilikuwa na umbo moja lililojulikana na kila mtu, na ilijengwa kwa miti na nyasi ambazo tabia zake zilijulikana tangu utotoni. Watu walikusanyika katika mwethya, na palipokuwa na kosa palikuwa na macho ishirini ya kuliona. Usanifu ulikuwa mali ya jamii nzima. Zege na vyuma havikutujia na urithi wa namna hiyo.

Hebu sasa tutazame gharama. Ada ya msanifu kwa kawaida hukadiriwa kama sehemu ya gharama ya ujenzi. Tuseme ni asilimia sita, na nyumba ni ya shilingi milioni mbili. Hizo ni shilingi 120,000, tena zinazolipwa kwa hatua kadiri kazi inavyoendelea. Si fedha haba. Lakini zilinganishe na bei ya msingi unaorudiwa, au mawe yaliyonunuliwa kupita kiasi kwa kuwa hakuna aliyeyahesabu. Asiyeweza kugharamia usimamizi wote anaweza kuafikiana na msanifu amchoree, kisha afike kiwanjani nyakati chache muhimu, kama vile kabla ya msingi kufunikwa.

Anayemtafuta msanifu na awe mwangalifu. Sheria ya Wasanifu Majengo na Wakadiriaji Majengo inamkataza mtu asiyesajiliwa kujiita msanifu majengo, na iko bodi inayotunza orodha ya waliosajiliwa. Ulizia jina lake huko. Omba kuonyeshwa nyumba alizosanifu, uende ukazungumze na wanaoishi ndani yake. Andikeni mapatano: atachora nini, nani atamlipa mhandisi, nani atapeleka ramani kaunti kuidhinishwa, na fedha zitalipwa katika hatua zipi. Tena jihadhari na mchoraji anayechora mwenyewe kisha akaazima mhuri wa mwingine.

Msanifu wa kweli, kabla hajauliza unataka vyumba vingapi, atataka kuiona hati ya kiwanja. Katika kaunti hii hatuhitaji kukumbushwa sababu. Nyumba zilibomolewa Syokimau mwezi wa Novemba 2011, na nyingine Athi River mwezi wa Oktoba 2023 katika ardhi ya kampuni ya saruji. Wengi waliolia siku hizo walikuwa wamejenga kwa akiba ya maisha yao. Kuhusu kupuuza utaalamu wa ujenzi wenyewe, jengo la ghorofa lililoporomoka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua wa tarehe 29 Aprili 2016, na kuua watu wapatao hamsini, ni ushahidi wa kutosha.

Hata hivyo, lawama isiwaangukie wananchi peke yao. Wasanifu wengi wamejifungia Nairobi, na mikataba yao imeandikwa kwa Kiingereza cha mahakamani. Mwalimu wa Mwala au Kangundo atawafikiaje? Napendekeza serikali ya kaunti na vyama vya akiba na mikopo washirikiane kuwaajiri wasanifu waandae ramani chache za nyumba za bei nafuu, nyingine za vilimani na nyingine za uwandani, na mwanachama anayekopa apewe ushauri wa siku moja kiwanjani kwake. Chama kinachokopesha mamilioni kina haki, tena kina wajibu, wa kuuliza fedha hizo zinasimamishwa juu ya udongo gani.

Nanyi wanafunzi mnaopenda fizikia na uchoraji, taaluma hii inafundishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Wakamba wamesifika kwa uchongaji wa vinyago; mkono wa kuumba umbo tunao. Kilichobaki ni baadhi yenu kurudi nyumbani na kuwasanifia wazazi na walimu wenu nyumba zinazolijua jua la Machakos na udongo wake.