Miezi minne ya kungoja: kwa nini Japani iliacha nyumbani namba mbili wake

Tarehe 1 mwezi wa saba njo Mwaka Mpya wa mchezo wa kuteleza kwenye barafu, ule unaoitwa patinage artistique kwa Kifaransa. Siku hiyo msimu wa zamani unafungwa, mwingine unafunguliwa, na umri wa kila mchezaji unahesabiwa upya. Kwa wasichana wengi tarehe hiyo haibadilishe kitu. Lakini kwa msichana mmoja wa Japani, Mao Shimada, ilimfungia mlango mwaka 2025, na mwaka huu wa 2026 inamfungulia.

Wengine watauliza: barafu inatuhusu nini sisi watu wa ziwa Tanganyika? Hapa Kalemie barafu tunaijua kwenye friji na kwenye masanduku ya samaki. Na Kongo yetu haijatuma mchezaji hata mmoja kwenye Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi. Lakini habari ya Shimada si ya barafu tu. Ni habari ya mtoto mwenye kipaji, watu wazima wanaomtaka ashinde haraka, na sheria inayosema: ngoja kwanza akomae. Hiyo kila mzazi wa hapa anaielewa.

Albertville mbili

Wazee wa Kalemie wanakumbuka kwamba wakati wa ukoloni mji wetu uliitwa Albertville, kwa jina la mfalme Albert wa Ubelgiji. Kuna Albertville nyingine huko Ufaransa, kwenye milima ya Savoie, ambayo ilipata jina lake kwa mfalme mwingine kabisa. Mwaka 1992 Albertville hiyo ya Ufaransa ilipokea Michezo ya Olimpiki ya baridi. Huko, Midori Ito wa Japani aliruka Axel ya mizunguko mitatu na nusu hewani, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo kwenye Olimpiki. Alichukua medali ya feza.

Axel njo ruko gumu kuliko mengine kwa sababu mchezaji anaruka akiangalia mbele na kutua akienda nyuma, kwa hiyo anaongeza nusu mzunguko. Anatua kwa mguu mmoja, juu ya chuma chembamba, akiwa kwenye mbio. Ito alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa dunia mwaka 1989, wa kwanza kutoka Asia yote. Tangu hapo wasichana wa Japani walianza kujaza viwanja.

Mwaka 2006, kule Torino, Italia, Shizuka Arakawa alileta dhahabu ya Olimpiki. Mpaka leo ni yeye peke yake kati ya wanawake wa Japani aliyeipata katika mashindano ya mtu mmoja mmoja. Lakini mwaka huo Japani iliacha mtu nyumbani.

Mao wa kwanza

Jina lake ni Mao Asada. Mwezi wa kumi na mbili 2005, akiwa na miaka 15, alishinda fainali ya Grand Prix, mashindano yanayokusanya wachezaji sita bora wa msimu. Miezi miwili baadaye ilikuwa Olimpiki. Hakwenda. Sheria ya wakati ule ilisema mchezaji awe ametimiza miaka 15 kabla ya tarehe 1 mwezi wa saba wa mwaka uliotangulia. Asada alizaliwa tarehe 25 mwezi wa tisa 1990. Alikosa kwa siku 87.

Japani yote ilisikia uchungu, lakini sheria ikabaki sheria. Asada akangoja miaka minne. Mwaka 2010 kule Vancouver aliruka Axel tatu za mizunguko mitatu na nusu katika mashindano yale yale, kitu ambacho hakuna mwanamke alikuwa amefanya. Alichukua feza nyuma ya Kim Yuna wa Korea. Kwa jumla alikuwa bingwa wa dunia mara tatu. Watu walimpenda mpaka wazazi wengine wakawapa watoto wao jina lake.

Mao wa pili

Mmoja wa watoto hao njo Mao Shimada, aliyezaliwa tarehe 30 mwezi wa kumi 2008. Alichukua ubingwa wa dunia wa vijana mwaka 2023, 2024 na 2025. Anaruka Axel ileile ya mizunguko mitatu na nusu, na anajua pia ruko la mizunguko minne.

Mwezi wa kumi na mbili 2025, Japani ilifanya mashindano ya taifa kule Tokyo. Hayo njo yanayoamua mengi. Bingwa wa taifa anachukua tiketi yake moja kwa moja, na wengine wanachaguliwa kwa kuangalia msimu mzima. Nafasi ni tatu tu. Hakuna nchi inayopata zaidi ya tatu, hata kama ina wasichana kumi wanaoweza kuleta medali. Wa kwanza alitoka Kaori Sakamoto. Wa pili alitoka Mao Shimada. Nyuma yake walikuwa Mone Chiba na Ami Nakai.

Waliokwenda Milano kwenye Olimpiki ya 2026 ni Sakamoto, Chiba na Nakai. Namba mbili wa taifa alibaki nyumbani, kwa sababu sasa sheria inataka miaka 17 kabla ya tarehe 1 mwezi wa saba. Shimada alifikisha 17 mwisho wa mwezi wa kumi. Alikosa kwa miezi minne. Nakai, aliyezaliwa mwezi wa nne mwaka uleule wa 2008, alipita. Nusu mwaka kati yao, na mmoja anaona Olimpiki, mwingine anaangalia kwenye televizyo.

Kule Milano, Nakai aliongoza baada ya siku ya kwanza. Tarehe 19 mwezi wa pili 2026, siku ya mwisho, Mmarekani Alysa Liu alipanda akachukua dhahabu. Sakamoto alipata feza, akiachwa kwa pointi zisizofika 2. Nakai alipata shaba.

Sheria ilitoka wapi

Ili kuelewa kwa nini umri ulipandishwa, turudi Beijing, mwezi wa pili 2022. Mrusi Kamila Valieva, miaka 15, alikuwa anategemewa kushinda. Katikati ya mashindano ikajulikana kwamba kipimo chake cha mwezi wa kumi na mbili kilionyesha trimetazidine, dawa ya moyo iliyokatazwa kwa wanamichezo. Aliruhusiwa kucheza, na siku ya mwisho akaanguka mara nyingi mbele ya dunia nzima, akamaliza wa nne. Mwaka 2024 mahakama ya michezo ilimfungia miaka minne, kuhesabu tangu mwezi wa kumi na mbili 2021.

Ulimwengu ukauliza: mtoto wa miaka 15 alipata wapi dawa ya moyo? Nani alikuwa anamsimamia? Mwezi wa sita 2022, shirika la kimataifa la mchezo huu, ISU, lilikutana Phuket, Thailand, na kupiga kura. Nchi 100 zilikubali kupandisha umri, 16 zilikataa. Umri ukapanda hatua kwa hatua mpaka 17.

Lakini haikuwa habari ya dawa tu. Mwili wa msichana wa miaka 14 au 15 ni mwepesi na mwembamba, na unazunguka haraka hewani. Akianza kuwa mwanamke, nyonga zinapanuka, uzito unaongezeka, na maruko yanakuwa magumu. Makocha wengine walijua hesabu hiyo: mtumie mtoto kabla mwili haujabadilika, kisha mlete mwingine. Yulia Lipnitskaya wa Urusi alisaidia nchi yake kupata dhahabu ya timu mwaka 2014 akiwa na miaka 15. Mwaka 2017, akiwa na miaka 19, aliacha mchezo, akieleza kwamba alikuwa ametibiwa ugonjwa wa kukataa chakula.

Kwa hiyo miaka 17 haikuwekwa kwa kuwachukia watoto. Iliwekwa ili kuondoa faida ya kuwachosha mapema. Ubaya wake ni kwamba inapima watu wote kwa kamba moja. Shimada hakufanya kosa lolote, na bado alilipa.

Sakamoto, mwanamke mzima

Wanaotetea sheria wanamwonyesha Kaori Sakamoto. Alizaliwa 2000 kule Kobe. Haruki mizunguko minne, na Axel ya mitatu na nusu haiko katika mchezo wake. Nguvu yake ni mbio: anavuka barafu haraka, anaruka juu na mbali, anatua bila kupoteza mwendo. Kwa mchezo huo alikuwa bingwa wa dunia 2022, 2023 na 2024. Hakuna mwanamke aliyekuwa amechukua mara tatu mfululizo tangu Mmarekani Peggy Fleming, miaka ya 1966 mpaka 1968.

Hapo tueleze namna pointi zinavyotolewa. Kila ruko lina bei yake, na waamuzi tisa wanaongeza au kupunguza kwa uzuri wa kulifanya, kuanzia chini ya sifuri 5 mpaka juu 5. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, zinazobaki zinagawanywa. Kisha kuna alama za utungaji, utelezaji na namna ya kuonyesha muziki. Njo maana ruko la kawaida likifanywa vizuri kabisa linaweza kushinda ruko kubwa la kuyumba.

Alysa Liu naye ni mfano. Aliacha mchezo akiwa na miaka 16, amechoka. Alirudi mwaka 2024 kwa mapenzi yake mwenyewe, akawa bingwa wa dunia 2025, na wa Olimpiki akiwa na miaka 20.

Msimu huu waangalie nini

Sakamoto alitangaza mwaka 2025 kwamba msimu wa 2025-2026 ni wa mwisho wake. Kwa hiyo kiti cha mbele cha Japani kiko wazi. Chiba, aliyepata shaba ya dunia 2025, ni mkubwa kwa umri na mtulivu. Nakai ana shaba ya Olimpiki na Axel yake. Na Shimada sasa umri unamruhusu kucheza na wakubwa, hata kwenye ubingwa wa dunia.

Anayetaka kufuata ashike kalenda hii. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja kuna Grand Prix sita katika nchi mbalimbali. Sita bora wanaenda fainali mwezi wa kumi na mbili. Mwisho wa mwezi huo ni mashindano ya taifa ya Japani, na wengi wanasema hayo yanatisha kuliko ya kimataifa, kwa sababu kuwa wa nne kunaweza kukufungia mwaka mzima. Mwezi wa tatu ni ubingwa wa dunia.

Kwa saa, Japani iko mbele ya Kalemie kwa saa saba: mashindano ya saa moja ya jioni kule ni saa sita ya mchana hapa. Grand Prix za vijana zimekuwa zikionyeshwa bure na ISU kwenye YouTube. Mwenye mega chache anaweza kuangalia mchezaji mmoja tu: mchezo mrefu wa wanawake ni dakika kama nne.

Funzo la hapa kwetu

Kitu kimoja kinabaki. Sheria ya umri inalinda mtoto ikiwa tu umri wake unajulikana. Asada alizuiwa kwa siku 87, Shimada kwa miezi minne, na hakuna aliyebishana juu ya siku waliyozaliwa, kwa sababu imeandikwa. Hapa kwetu, kwenye viwanja vya mpira, umri wa mtoto mara nyingi unatoka mdomoni mwa anayemleta. Mtoto asiyeandikwa anaweza kuitwa wa miaka 15 leo na wa 18 kesho, kadiri mkubwa anavyotaka, na hakuna karatasi ya kumtetea.

Sheria ya Kongo inampa mzazi siku 90 baada ya kuzaa ili kuandikisha mtoto kwenye ofisi ya état civil, bila kulipa. Siku 90 ni karibu sawa na zile 87 zilizomnyima Asada Olimpiki ya kwanza. Kwa mtoto wa Kalemie mwenye mbio au mwenye mguu wa mpira, karatasi hiyo ndiyo itasema baadaye kama wakati wake umefika, au kama aachwe kwanza akue.