Mfugaji akihamia Lodwar, homoni zake hazibaki malishoni

Kijana wa Kiturkana aliyekulia malishoni huchelewa kukamilika mwili. Katika miaka ya 1980, mtafiti Michael Little na wenzake waliwapima Wangisonyoka, wafugaji wa Turkana Kusini nchini Kenya, wakakuta wanaume waliovuka miaka 20 bado wanarefuka, umri ambao vijana wengi wa Ulaya na Marekani huwa wameshafika kimo chao. Mgeni angesema hawa wamedumaa. Wapi! Waliishia kuwa warefu na wembamba. Walichokosa ni haraka tu.

Homoni ya ukuaji hutoka kwenye pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Ikifika kwenye ini, ini nalo hutoa homoni nyingine, IGF-1, ambayo ndiyo hasa husukuma mifupa irefuke. Sasa kiangazi kikikaza na maziwa yakakauka viweleni, mtu angetarajia homoni ya ukuaji ishuke. Haishuki, hupanda. Ila ini huacha kuiitikia, IGF-1 hupungua, na kazi inayobakia kwa ile homoni ni kuyeyusha mafuta yaliyomo mwilini ili mchungaji apate nguvu ya kutembea. Kurefuka kunangoja mvua.

Testosteroni, inayotengenezwa kwenye korodani, nayo hufuata hesabu ya chakula na jasho. Mwaka 2002 mtafiti Peter Ellison na wenzake walichapisha vipimo vya mate ya wanaume wa Boston, Nepal, Paraguay na Walese wa msitu wa Ituri, Kongo. Vijana walitofautiana sana, wa Boston wakiwa juu, wazee walikaribiana. Walese hawakuwa na upungufu wowote wa uanaume. Miili yao ilikuwa inabana matumizi. Kwa hiyo anayeonyeshwa namba ya Boston kisha akaambiwa hiyo ndiyo "kawaida" ana haki ya kuuliza: kawaida ya nani?

Hata malezi yana mkono hapo. Utafiti wa mwaka 2009 kaskazini mwa Tanzania ulikuta kuwa akina baba wa Kihadzabe, ambao hubeba na kutunza watoto wao wadogo, wana testosteroni ya chini kuliko wanaume wenzao wasio na watoto. Kwa jirani zao wafugaji, Wadatoga, ambako kulea mtoto mchanga si kazi ya baba, tofauti hiyo haikuonekana. Wauza dawa za nguvu za kiume hawatakutajia hilo.

Tatizo la Turkana leo liko mjini. Mwaka 2020 jarida la Science Advances lilichapisha kazi ya Amanda Lea, Julien Ayroles na wenzao, waliopima afya ya Waturkana watu wazima 1,226. Waliohama ufugaji lakini wakabaki vijijini, wakichoma makaa au kusuka vikapu, hawakutofautiana sana na wafugaji. Mabadiliko yalikuja kwa waliohamia mijini: uzito, mafuta mwilini na presha vilipanda. Na aliyezaliwa mjini alikuwa na hali mbaya zaidi hata akilinganishwa na aliyehamia ukubwani.

Hapo ndipo kitambi kinapogusa uanaume. Mafuta ya tumboni yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni. Insulini ikishindwa kufanya kazi yake, ubongo nao hupunguza amri zinazotumwa kwenye korodani. Testosteroni ikishuka, misuli hunywea na mafuta huongezeka, na mafuta yakiongezeka testosteroni hushuka tena. Mtazame mwendesha boda boda wa mji wa Lodwar au Kakuma: asubuhi chai ya sukari nyingi na mandazi, mchana kutwa amekalia pikipiki, jioni ugali mkubwa, usiku anangoja abiria. Babake alitembea nyuma ya mbuzi tangu alfajiri, na usiku akaweka kichwa juu ya ekicholong, kigoda chake, akalala. Usingizi huo si jambo dogo. Homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi katika saa za mwanzo za usingizi mzito, na vijana 10 walioruhusiwa kulala kwa muda wa saa tano tu kila usiku, kwa juma moja hivi, testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Matokeo hayo yalitoka Chicago mwaka 2011, lakini mlinzi wa usiku wa Lodwar anaweza kuyasoma kama habari zake.

Mwanamume akichoka, akakosa hamu, akashindwa chumbani, mara nyingi hukimbilia chupa au sindano kabla ya zahanati. Mimi naanza na kupima kisukari na presha, kwa sababu kushindwa huko huweza kuwa dalili ya kwanza ya mishipa iliyoharibika, na vipimo hivyo ni rahisi. Sindano ya testosteroni ina mahali pake kwa mwenye upungufu uliothibitishwa, lakini kwa kijana anayetaka mtoto ni hatari. Anayechota maji kwenye kisima cha mchangani huacha kuchota akiona mtungi umejaa; ubongo nao ukiona testosteroni ya dukani imejaa kwenye damu huacha kuziamrisha korodani. Korodani hunywea na mbegu hupungua, pengine hadi kuisha kabisa. Homoni ya ukuaji ikitumiwa ovyo huvimbisha viungo na kupandisha sukari, na zote mbili zimepigwa marufuku kwa wanariadha.

Anayeshuku upungufu atolewe damu asubuhi, kabla ya saa nne na kabla ya kula, kwa kuwa testosteroni huwa juu saa hizo na hushuka kadiri siku inavyosonga. Kipimo kimoja hakitoshi. Kirudiwe siku nyingine, wala kisichukuliwe mtu akiwa na malaria au homa nyingine, maana ugonjwa wenyewe huishusha. Na aliyekwisha kujidunga amwambie daktari wazi: mbegu zake zinaweza kurudi akiacha, lakini huchukua miezi, na kwa wengine zaidi ya mwaka.