Kipimajoto cha zebaki: Kikung'ute kwanza, ndipo usome

Saa nane usiku mtoto anachemka. Mama anamgusa paji la uso, anasema ni homa kali. Baba naye anagusa, anasema ni joto la blanketi tu. Ubishi huo hauishi kwa kiganja cha mkono, unaishia kwenye kipimajoto. Shida ni kwamba wengi wetu tunacho kile cha kioo chenye zebaki, ila tukikitoa kwapani tunakigeuzageuza bila kuona kitu. Au tunasoma homa ya mgonjwa wa wiki iliyopita!

Kwa nini namba ya zamani inabaki?

Zebaki ni metali iliyo majimaji. Ikipata joto inatanuka na kupanda kwenye tundu jembamba ndani ya kioo. Karibu na ncha, tundu hilo limebanwa kidogo. Zebaki ikishapanda, inakatikia hapo na haishuki yenyewe. Ndiyo maana unaweza kukitoa kwapani na kusoma bila haraka. Lakini ndiyo maana pia 39 ya juzi itaonekana leo hata kwa mtu mzima wa afya.

Kwa hiyo, kabla ya kupima, kikung'ute. Shika upande usio na zebaki, kaa mbali na meza na ukuta, kisha kung'uta mkono kuelekea chini mara kadhaa mpaka mstari ushuke chini ya 35.

Kupima

Futa jasho kwapani. Weka ncha katikati ya kwapa iguse ngozi, siyo nguo, halafu bana mkono wa mtoto kifuani. Subiri dakika 5 kamili kwa saa ya simu, usikadirie. Ukitoa mapema utapata namba ndogo kuliko joto lenyewe, na homa itakupita. Usimwekee mtoto mdogo mdomoni, anaweza kuking'ata kikavunjika.

Kusoma

Usishike ncha, vidole vyako navyo vina joto. Kilaze usawa wa macho, kwenye mwanga, kisha kizungushe taratibu mpaka uone mstari wa rangi ya fedha. Angalia unapoishia.

Mistari mirefu ni nyuzi kamili: 36, 37, 38. Kila kimstari kifupi katikati ni sehemu moja ya kumi. Zebaki ikipita 38 na kufika kimstari cha nne, hiyo ni 38.4. Kama chako kina namba kama 96, 98 na 100, hakijaharibika, kinatumia Farenhaiti. Huko 98.6 ndiyo 37 yetu.

Namba inasema nini?

Kwapani, 36.5 hadi 37.4 ni kawaida. Kuanzia 37.5 ni homa. Kama mtoto alikuwa amefunikwa sana au ametoka kuoga maji ya moto, subiri kidogo, kung'uta, upime tena.

Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, usisubiri asubuhi. Akifika 37.5 au zaidi, au akishuka chini ya 35.5, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Kwa kichanga, kupoa ni hatari kama kuchemka.

Na kwa mtoto wa umri wowote, akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu au akilegea asiamke vizuri, achana na namba. Nenda.

Kumbuka pia, kipimajoto kinasema kuna homa, hakisemi ni malaria. Hilo linajibiwa na kipimo cha damu, siyo dawa zilizobaki kabatini.

Kikivunjika

Usifagie, na usiguse vile vitone kwa mikono. Fagio linavitawanya, navyo vinatoa mvuke wenye sumu usioonekana wala kunuka. Toa watoto chumbani, fungua madirisha. Vikusanye kwa kipande cha karatasi ngumu, tia kwenye chupa yenye mfuniko, kisha uliza kituo cha afya pa kuipeleka. Usimwage chooni wala kwenye sinki. Na ukikisafisha kikiwa kizima, tumia maji ya baridi na sabuni. Maji ya moto yanaweza kukipasua.

Sumu hiyo ndiyo sababu Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza vipimajoto hivi kati ya nchi na nchi. Ukienda kununua kipya, chukua cha dijitali. Ila kama usiku wa leo ulichonacho ni cha kioo, kitakwambia ukweli, mradi umekikung'uta na kusubiri zile dakika 5.