Mkoba wa Dawa: Kupunguza Dawa kwa Wazee Nako ni Tiba

Mgonjwa mzee anapoketi mbele ya tabibu, mara nyingi huwa amekuja na vitu viwili: daftari la kliniki na mkoba wa dawa. Daftari husomwa. Mkoba hubaki magotini pake, umefungwa. Laiti ungefunguliwa na kumwagwa juu ya meza, huenda ungeeleza mengi ambayo daftari halikuyaandika.

Tuchukue mfano. Bibi wa miaka 76 ameletwa na mjukuu wake baada ya kuanguka usiku akienda msalani. Safari hii amechubuka tu. Lakini katika umri huo nyonga ikivunjika, wengi hawarudi tena kutembea kama zamani. Mjukuu anaomba bibi apewe dawa ya kizunguzungu. Ndani ya mkoba mna dawa nane tayari: amlodipini, losartani na furosemidi, metformini na glibenklamidi, diklofenaki, omeprazoli na diazepamu. Je, aongezewe ya tisa?

Dawa inayozaa dawa

Tukizifuatilia moja baada ya nyingine, tutaona kwamba si zote zilizoandikwa kwa sababu ya ugonjwa. Baadhi ziliandikwa kwa sababu ya dawa zilizotangulia.

Bibi alianzishiwa amlodipini kwa ajili ya shinikizo la damu. Ni dawa nzuri, ila huweza kuvimbisha miguu, hasa dozi inapokuwa kubwa. Miguu ilipovimba, ikadhaniwa kuwa maji yamezidi mwilini, akapewa furosemidi. Uvimbe wa namna hiyo hautokani na maji kuzidi, bali na mishipa midogo ya damu kutanuka. Kwa hiyo furosemidi haikuuondoa, ila ilimwamsha usiku kwenda haja ndogo. Usingizi ulipokatika, akapewa diazepamu.

Upande wa pili, magoti yalimuuma, akanunua diklofenaki katika duka la dawa. Tumbo likaanza kuwaka, ikaja omeprazoli. Diklofenaki huzifanya figo zizuie chumvi na maji, hivyo shinikizo likapanda, ikaongezwa losartani. Sasa diklofenaki, losartani na furosemidi zimekutana katika mwili mmoja, na zikikutana hivyo huweza kuzidhuru figo.

Katika mnyororo huu hakuna aliyekusudia kudhuru. Kila aliyeandika dawa aliona dalili moja na kuijibu. Kilichokosekana ni mtu wa kuutazama mkoba wote.

Mwili wa mzee haufanani na wa kijana

Kadiri umri unavyosonga, uwezo wa figo kusafisha damu hupungua. Kipimo cha kreatinini kinaweza kuonekana cha kawaida, kwa kuwa misuli inayoizalisha nayo imepungua. Maji ya mwili hupungua na mafuta huongezeka. Ndiyo maana diazepamu, ambayo hujificha katika mafuta, hukaa mwilini kwa siku nyingi na kumfanya mzee ayumbe hata mchana. Mishipa nayo huchelewa kurekebisha shinikizo mtu anaposimama ghafla.

Glibenklamidi ina hatari ya pekee. Huweza kushusha sukari kupita kiasi, hasa figo zikidhoofika au mzee akilala bila kula. Kwa kijana dalili huwa jasho na kutetemeka. Kwa mzee huenda kusionekane lolote ila kuchanganyikiwa au kuanguka. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza kwamba dawa hii haifai kwa wenye umri unaozidi miaka 60.

Hatari hizi si ngeni kwa wataalamu. Mwaka 1991 daktari wa Marekani, Mark Beers, na wenzake walichapisha vigezo vya dawa zinazopasa kuepukwa kwa wazee. Vigezo hivyo huhuishwa hadi leo. Mwaka 2008 wataalamu wa Ireland walitoa orodha mbili zinazokwenda pamoja: STOPP, ya dawa za kufikiria kusimamisha, na START, ya dawa ambazo mzee anazihitaji lakini hajapewa. Orodha ya pili inatukumbusha kwamba lengo ni kila dawa kuwa na sababu inayosimama leo, wala si kuwa na idadi ndogo tu.

Kupunguza kwa mpango

Turudi kwa bibi. Tabibu anaanza kwa kumpima shinikizo akiwa ameketi, kisha akiwa amesimama, na kupima sukari na figo. Halafu anauliza kila dawa ilianza lini, kwa nini, na kama sababu hiyo bado ipo.

Diklofenaki ndiyo ya kwanza kuondoka, kwa kuwa madhara yake ni makubwa. Parasetamoli kwa dozi sahihi na mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja vichukue nafasi yake. Glibenklamidi nayo haipaswi kusubiri. Kwa mzee aliyekwisha kuanguka, sukari iliyo juu kidogo ni salama kuliko inayoporomoka usiku. Metformini inaweza kubaki ikiwa figo zinaruhusu.

Hatua zinazofuata huenda polepole, dawa moja kwa wakati, ili badiliko likitokea ijulikane limetokana na nini. Dozi ya amlodipini ikipunguzwa na miguu ikinywea, furosemidi inaweza kuondolewa, mradi imehakikishwa kuwa hana ugonjwa wa moyo au figo unaoihitaji. Omeprazoli ifuate baada ya diklofenaki, na bibi aambiwe mapema kwamba kiungulia kinaweza kurudi kwa muda. Diazepamu hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ikikatwa ghafla huleta wasiwasi, kukosa usingizi, na hata degedege. Losartani inabaki, huku shinikizo likipimwa kila anaporudi.

Hofu ya pande mbili

Mzee anapoambiwa dawa yake inaondolewa, huweza kusikia jambo jingine: kwamba amekwisha kuzeeka na hakuna tena anayejali kumtibu. Tabibu naye husita: mimi ni nani niiondoe dawa iliyoandikwa na bingwa? Hofu zote mbili hutulizwa kwa mazungumzo. Mzee aelezwe kwamba dawa iliyomfaa miaka kumi iliyopita inaweza kumdhuru leo, na kwamba akizidiwa itarudishwa. Bingwa aulizwe, na uamuzi uandikwe katika daftari pamoja na sababu yake.

Mgonjwa akielimishwa huwa mshirika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wazee 303 wa Quebec, Kanada, waliokuwa wakitumia kwa muda mrefu dawa za jamii ya diazepamu, waligawanywa katika makundi. Kundi moja lilipewa kijitabu kinachoeleza madhara ya dawa hizo na namna ya kuziacha taratibu. Baada ya miezi sita, asilimia 27 ya kundi hilo walikuwa wameziacha, dhidi ya asilimia 5 ya wale ambao hawakukipata.

Kwa mzee na familia yake

Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako mwenyewe. Dawa za shinikizo, moyo, kisukari, kifafa na usingizi, pamoja na prednisoloni, zinaweza kuleta madhara makubwa zikikatwa ghafla. Unaloweza kufanya ni hili: uendapo kliniki, beba dawa zote, zikiwemo za dukani na za miti shamba, bila kuficha. Kisha uliza:

– Dawa hii inatibu nini, na je, bado naihitaji?
– Je, tatizo hili jipya linaweza kuwa limeletwa na dawa ninayotumia?
– Tukiipunguza, niangalie dalili gani, na nirudi lini?

Mwuguzi, mfamasia na mtoa dawa dukani wanaweza kuwa wa kwanza kuuliza maswali hayo kwa niaba ya mzee asiyethubutu. Mjukuu wa bibi yetu alikuja kuomba dawa ya tisa. Iwapo mkoba utafunguliwa, ataondoka na orodha fupi zaidi, tarehe ya kurudi, na bibi mwenye nafasi nzuri zaidi ya kufika msalani usiku na kurudi kitandani salama.